Zamu ya Falaji

Mwaka jana mtandao tuliugawana kama maji:
jiolojia alfajiri, tiba adhuhuri,
sisi wa mimea baada ya saa nne usiku.
Picha moja ya mzizi ilishuka kwa vipande,
kichwa leo, kiuno kesho,
kahawa ikapoa mara tatu.

Sasa nyuzi za kioo zimefika Nizwa,
zimepita chini ya barabara,
kila uzi mwembamba kama unywele.
Rayya anagusa kitufe huku,
na kule Al Khodh
darubini inageuza shingo.
"Kushoto kidogo," namwambia.
Imeshakwenda, sijafunga mdomo.
Wanafunzi wa Ibri na Sur wamo humu humu,
mmoja tunamsikia anatafuna kitu.

Kisha kuvu. Nyeupe, nyuzi nyuzi,
ndani ya mzizi alioutuma baba yake Rayya
kwenye mfuko wa mkate.
Aliyekuwa akitafuna akaacha.

Jioni nikampigia Mzee Nabhan.
"Mmejua lini?"
"Dakika ile ile."
"Na mtende utapona lini?"

Taa ya kijani ilikuwa ikipepesa,
ikipepesa.
Kwa hilo, mzee wangu,
sina zamu ya kukupa.