Barua ya Nne Kuhusu Boti Nambari 218

Bwana Hyrkäs,
barua tatu zimeitangulia hii.
Ya kwanza ilikuwa na adabu, ya pili ilikuwa na picha,
ya tatu niliiandika usiku, naomba uisahau.

Boti bado inavuja.
Haizami, haina kishindo.
Inalia kidogo kidogo, kama mtu mzima
anayejifuta macho akidhani hatumwoni.
Leo asubuhi nimekuta robo ya ndoo chini ya kiti cha nyuma,
na ndani yake kisamaki kimoja
ambacho nina hakika hakikupitia mlangoni.

Unauliza kama niligonga mwamba.
Ziwa letu lina miamba, ndiyo,
naijua kwa majina: ule wa Padri, ule wa Shemeji Mlevi.
Miaka hamsini na miwili naizunguka
kama mtu anavyoizunguka meza yake gizani.
Mwamba hukwaruza, hubonyeza, huacha saini.
Njoo ulitazame tumbo la boti hii. Laini kama sahani.
Ufa umeanzia ndani,
umetoka nao kwenu, kama maradhi ya kurithi.

Sikukwambia hili mwanzoni:
nilichomelea meli kule Turku miaka kumi na tisa,
mwanamke pekee katika zamu ya usiku.
Mkono wangu wa kushoto una nukta nyeupe za cheche.
Alumini naijua. Ina hila.
Haiwi nyekundu kabla ya kuyeyuka, haikuonyi;
inanyamaza, inanyamaza, halafu inadondoka.
Usipousugua kwanza utando wake,
ukiacha upepo upite au unyevu ubaki,
mshono hujaa vitundu kama mkate:
mzuri machoni, mtupu moyoni.

Nikapaka rangi nyekundu, nikaifuta,
nikapulizia unga mweupe, nikanywa kahawa.
Rangi ikarudi juu. Mstari wa shubiri moja,
kisha mwingine, kisha mti mzima wenye matawi.
Mjukuu wangu Iivari akasema,
"Bibi, boti ina mishipa."

Usipoziba ufa utajenga ukuta, husemwa.
Huku hakuna ukuta wa kujenga.
Huku, ufa usipozibwa, majirani huja Oktoba
na ndoano ndefu, maji yakiwa na baridi ya nyuzi nne,
na Jumapili kanisani husomwa jina.

Jibu lenu la Jumanne nimelipata:
mtalipa nusu ya gharama, "kwa nia njema,
bila kukiri kosa lolote."
Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi.
Nayo imechomelewa vibaya.
Nia njema upande huu, kosa upande ule,
na katikati hakuna kilichoyeyuka.

Nyuma, chini ya ukingo, kuna muhuri: 41.
Huyo ni mtu.
Sitaki afukuzwe, wala jina lake silitaki.
Nadhani ilikuwa Ijumaa, gesi imekaribia kwisha,
msimamizi anatazama saa, boti sita zinangoja.
Mwaka wa themanini na tatu nami nilikuwa na nambari yangu,
na mshono mmoja nilioujua kuwa mbovu.
Niliupaka rangi.
Meli ile ilikwenda kaskazini,
na hadi leo, nikifungua gazeti,
huanza na kurasa za ajali.

Kwa hiyo nusu yenu bakini nayo.
Ichukueni boti. Mpeni 41 siku nzima,
banda kavu, mtungi mpya,
na mtu yeyote asimsimamie mgongoni.
Aukate mshono wote, hadi kwenye bati safi, aanze upya.
Kipande kibovu nileteeni mimi.
Nitakiweka dirishani, pale ninaposomea gazeti.

Trela liko tayari.
Barabara imechimbika karibu na daraja, mwambie dereva apunguze mwendo.
Kisamaki nimekirudisha ziwani.

Wako,
Raakel Vänttinen