Baki Kumi na Sita

Aliacha laki tatu na sitini elfu, mia tatu na sitini,
ndani ya mkebe wa maziwa ya unga, chini ya samadari.
Karani wa kadhi akahesabu mara mbili.
Mimi, mwalimu wa hesabu mstaafu, mjane wa siku ya tisa,
nilikwisha kuipenda ile namba:
360,360,
kama mtu aliyesahau kuwa keshatoa salamu.

Niko edani, pazia limeshushwa, Langoni punda wanalia,
nikachukua penseli.
Mbili inaingia. Tatu inaingia. Saba nayo, bila hodi.
Kuanzia moja hadi kumi na tano hakuna anayerudishwa mlangoni,
wala hakuna namba ndogo kuliko hiyo yenye ukarimu huo.
Vigawo mia na tisini na viwili!
Jumba gani la Mkomani liliwahi kupokea wageni hao?

Thumuni yangu: 45,045.
Isome uendako, isome urudiko, ni ile ile.
Iliyosalia ni ya watoto, na watoto si wangu:
wana wawili, binti watatu, wa marehemu Mwanapera wa Siyu.
Mwana mafungu mawili, binti moja. Saba. Sawasawa.

Wiki ya pili akaja Famau kutoka Faza, na cheti.
Tisa. Sawasawa.
Kisha Shekuwe wa Kizingitini, pua ile ile.
Kumi na moja.
Kisha wa Witu. Kumi na tatu.
Kisha mmoja aliyekataa hata kukaa.
Kumi na tano.
Nafuta, naandika, namba inakubali,
inakubali kama yeye alivyomkubalia kila aliyemwomba,
hata nikaanza kuichukia.

Mtaani waliniita tasa miaka thelathini na moja.
Wifi yangu alilitamka akipepeta mchele.
Na kila Januari nililiandika ubaoni mwenyewe:
namba tasa, isiyogawanyika ila kwa moja na kwa nafsi yake.
Wasichana walicheka, kisha wakaniangalia, wakanyamaza.

Basi livunjeni hilo karimu lenu.
Mbili, mbili, mbili. Tatu, tatu.
Tano. Saba. Kumi na moja. Kumi na tatu.
Mmeshika nini mkononi?
Tasa watupu.
Ukoo wote ule, toa moja, umezaliwa nao.

Siku ya kutoka eda akabisha kijana wa Matondoni,
miaka kumi na tisa,
kapewa jina la baba yangu. Baba yangu mimi.
Kumi na saba: tasa wa nje ya ukoo.
Penseli ikasita.
Elfu kumi na nane, mia tano arubaini na saba kila fungu,
na baki.

«Hizi shilingi kumi na sita, Bi Mwalimu,» karani akauliza,
«tumwandikie nani?»

Ziache mkebeni, nikamwambia.
Nifungie kifuniko.