Haujafikiwa

Newala, saa mbili usiku. Ukungu umeingia mpaka ofisi ya kumbukumbu,
nami nimejifunga kitenge juu ya sweta,
naiomba programu inipe jedwali lenye adabu.

Kwanza ilinitapikia:
mistari mia na kumi na mbili,
desimali saba kila namba,
na majina niliyoyaandika Machi kwa uvivu,
kundi moja, kundi mbili.
Kundi moja ni akina nani? Hata mie nilisahau.
Nikalifungua daftari la kijani, nikafuata kwa kidole,
nikafuta, nikaandika: Waliowahi. Waliochelewa.
Desimali nikazipunguza, ikabaki moja,
maana mama wa watu hafi kwa sehemu ya milioni ya mwezi.

Ina lugha yake hii mashine.
Kifo inakiita tukio,
kama sahani iliyodondoka jikoni.
Na ile safu ya walio hatarini,
nilidhani ndio wanaokata roho;
kumbe ni walio hai, wote,
wanaosonga ugali, wanaodaiwa ndoo za maji,
wanaopiga salfa mikorosho na khanga puani.
Aliyekufa ndiye hayumo tena hatarini.
Nilikaa na neno hilo mpaka chai ikapoa.

Waliochelewa: hamsini na wanane.
Matukio: arobaini na moja.
Muda wa kati wa kuishi: miezi kumi na minne nukta mbili.
Namba imekaa kwenye chumba chake, imetulia,
haijui kwamba wengine niliwajua kwa kandambili zao
mlangoni pa wodi.

Waliowahi: thelathini na sita.
Matukio: kumi na moja.
Muda wa kati:
pengo.

Umeme ulipokatika, Daktari Namangaya alipita na tochi,
akaimulika kompyuta inayoishi kwa betri.
"Hapa mbona pako wazi, Sikudhani?
Wafadhili hawapendi mapengo. Weka hata makadirio."
Nikamwambia: Daktari, muda wa kati
ni siku ile nusu yao wanapokuwa wamekwisha.
Hawa, nusu haijatimia.
Pengo hilo si kosa langu,
ni ukaidi wao.
Akacheka kwa puani. "Haya, liandikie sababu."

Kati ya wakaidi hao yumo namba ishirini na saba,
Somoe Nakajumo wa Kitangari.
Mwezi wa kumi na tisa alikuja, akalalamikia mgongo,
akalalamikia foleni, akalalamikia sweta langu,
akasema anavuka Ruvuma, bintiye kajifungua ng'ambo,
atakaa siku arobaini.
Hakurudi.
Simu yake hujibu haipatikani,
mara kwa Kiswahili, mara kwa Kireno.

Sikumweka kwenye matukio. Sikuwa na haki hiyo.
Niliandika sifuri, na tarehe niliyomwona mwisho.
Kwenye mchoro, mstari hushuka ngazi kila anapofariki mtu;
kwake haukushuka.
Ulipita umenyooka, ukamwachia alama ndogo
ya kujumlisha.
Kujumlisha! Siyo kutoa.
Sijui ni nani aliyeamua hivyo, huko aliko na hesabu zake,
ila leo nimemwombea dua.

Saa nne umeme ukarudi. Nikachapa.
Karatasi ya kwanza ilitoka imefifia, wino unakwisha,
nikaitikisa ile katriji kama chupa ya dawa ya mtoto,
ya pili ikasomeka.
Kwenye pengo nimeweka kistari na nyota,
na chini kabisa, kwa herufi ndogo, neno moja
ambalo nililisoma kwa sauti, kulihakiki:
haujafikiwa.

Mlinzi akachungulia dirishani.
"Nani hajafika?"
"Somoe," nikasema, kabla sijafikiri.
Akachukua tochi yake,
akaenda kuangalia getini.