Asilimia Tatu

Saa saba usiku, uwanja wa duka kubwa, Castleford.
Mashine nne za kuchajia zimejipanga ukutani:
moja imevishwa mfuko mweusi wa plastiki,
moja kioo chake kinaomba radhi,
ya tatu ina mwenyewe, kijana wa teksi,
amelala, soksi zake juu ya usukani.
Ya nne inataka programu ambayo simu yangu haiijui.

Asilimia kumi na tisa.
Wazee watatu kabla hakujapambazuka:
wa kugeuzwa, wa kupewa dawa,
na yule anayetaka tu kusikia mlango ukifunguliwa.
Nazima hita. Navaa koti la pili juu ya koti.
Baridi nayo hunywa betri, na haina risiti.

Songea umeme niliujua kwa tarakimu ishirini,
dada akinisomea kutoka kwenye simu,
mimi nikibonyeza mita gizani,
nikikosea moja, tunaanza upya.
Mgao ulikuwa na ratiba yake,
na ulipofika zamu ya mtaa wetu
hata nyumba ya diwani ilitafuta mshumaa.

Hapa giza haliji. Hapa bei ndiyo huja,
inauliza kwanza unalala wapi.
Mwenye uwanja mbele ya mlango
hununua usiku kwa peni chache,
huchomeka, hulala, gari likinywa.
Mimi nyumba yangu imebanwa na wenzake,
mlango ukifunguka, barabara hii.
Nilitandaza waya juu ya njia ya watu,
nikaufunika zulia la kufutia miguu.
Wiki ya pili ikaja barua ya halmashauri,
ya adabu sana,
yenye neno "kujikwaa" mara tano.
Tangu hapo nanunua umeme uleule
kwa bei ya karibu mara kumi.
Mto ni mmoja; mimi nachota kwa kijiko cha kukodi.

Bwana Pickersgill, namba ishirini na sita,
alilisha mtambo makaa ya mawe miaka thelathini na mmoja.
Siku walipoiangusha minara
alipanda kilimani na chupa ya chai, katikati ya umati.
"Walipiga makofi," aliniambia.
"Mimi nilitazama viatu vyangu."
Huniita Siku. Mkia wa Sikudhani umemshinda,
wala hajui kwamba ananiita
kwa jina la kitu nisichokiona tangu nianze zamu hizi.

Nikamgeuza. Nikamnyoosha shuka.
"Gari lako lina ngapi?"
"Kumi na nne."
Akanyamaza, nikadhani kasinzia.
"Dirisha la jikoni halifungi vizuri," akasema.
"Waya unapita."

Nikamsomea kanuni: mhudumu hapokei zawadi,
hata biskuti ina fomu yake.
Akacheka mpaka kikohozi kikamshika.
"Umeme nimewapikia watu maisha yangu yote,
na hakuna aliyewahi kubisha hodi.
Wewe una ufunguo. Chomeka."

Kwenye daftari la zamu niliandika:
kageuzwa, kanywa maji, ametulia.
Sikuandika waya uliopita kati ya sabuni na sufuria,
ukashuka juu ya vyungu vya marehemu mkewe,
ukavuka majani yaliyoganda,
gari likagonga ulimi, tk,
na taa ndogo ya kijani ikawaka kwenye ukungu.

Dakika arobaini. Soketi ya kawaida, ileile ya birika.
"Umepata ngapi?"
"Tatu."
"Tatu tu?"
"Tatu."
Alitikisa kichwa kama fundi aliyeonyeshwa kazi ya mwanagenzi,
lakini alikuwa anatabasamu, niliona.

Tatu zilinifikisha kwa mzee wa dawa
na kunirudisha kwenye foleni ya mashine mbovu.

Siku hizi haulizi nimeamkaje. Anauliza namba.
Nami huacha sarafu mbili za pauni chini ya kopo la chai;
kesho yake nazikuta mfukoni mwa koti langu,
sijui anafikaje kwenye kile kigingi na miguu ile.
Ni sarafu zilezile, tangu Novemba,
moja ina mkwaruzo shingoni mwa malkia.
Usiku huu ziko kwangu.