Kwetu Picha Huvutwa

Nasikia kuna lugha ambamo picha hupigwa,
kama ngoma, kama mwizi.
Kwetu Amasya picha huvutwa.
"Çekmek," baba alisema, na ile "che" ya mwanzo
ilimtoka na harufu ya tumbaku
(ingawa sigara, sijui kwa nini, sisi tunainywa).

Alikuwa na studio ya mlango mmoja kando ya mto,
chini ya majabali yaliyochimbwa makaburi ya wafalme,
na kiti cha kuzunguka ambacho hakikuzunguka.
"Kaa wima. Kidevu chini kidogo. Nakuvuta."
Na kweli ulihisi kitu kikikutoka,
uzi mwembamba wa kifuani,
ukaingia kwenye kile kisanduku, ukabaki humo.

Jumatatu tulimzika.
Leo Alhamisi nimevuta pazia,
nimevuta lira benki za kumtangulizia mchonga jiwe,
nimempigia kaka yangu Tuncay mara nne: simu haivuti,
majabali yameziba njia.
Sweta ya baba niliyoifua kwa maji ya moto, kwa ujinga wangu,
nayo imevuta, yaani imerudi,
imekuwa ya mtoto wa darasa la pili.
Nimejipima nayo kifuani nikacheka.
Halafu nikaacha kucheka.

Mgeni akifungua kamusi yetu
atadhani tu taifa la punda.
Jino huvutwa. Kura huvutwa. Kahawa kinuni huvutwa.
Mwanafunzi anayechungulia daftari la mwenzake, anavuta.
Roho ikitamani boga lililopikwa kwa sukari,
roho inavuta, na boga lenyewe halina habari.

Na maumivu. Hasa maumivu.

Baba aliumwa mapafu miaka sita.
Ukimuuliza hali alijibu, "Tunavuta,"
kama mtu aliyefungwa kamba kiunoni
na ncha ya pili ya kamba haionekani.

Mama, Müzeyyen, hakukipenda kitenzi hicho.
Ana chake cha kuvumilia, kilichotokana na kukunja.
Shuka hukunjwa, barua hukunjwa,
na mtu akizidiwa hujikunja, mara mbili, mara nne,
mpaka atoshe kwenye droo.
"Mimi nilijikunja," ameniambia asubuhi,
kiganja kikinyoosha foronya
isiyo na mkunjo hata mmoja.

Kipo na cha tatu, cha kuegemea.
Hicho ni cha Binnaz, jirani yetu muuza nyuzi:
"Egemea, binti," bila kusema niegemee nini.
Nimejaribu meza. Nimejaribu ukuta wa studio.
Chokaa yake imehamia kwenye koti langu.

Kamera bado ina filamu.
Picha thelathini na moja zimekwenda, tano zimebaki,
na sijui hizo za mwanzo alimvuta nani.
Nimemwita mama, nimemkalisha kwenye kiti kigumu,
nimeinamia kioo.
"Kidevu chini kidogo," nikasema,
na mbele ya neno kikatangulia kikohozi,
kile kidogo, kikavu,
ambacho sikuwahi kuwa nacho.

Mlangoni Binnaz akaguna, mkononi robota la sufi:
"Tazama. Amevuta kwa baba yake."

Kwenu, nadhani, mtoto humchukua mzazi,
kama anavyochukua kitu rafuni, akaenda zake.
Kwetu ni kamba ileile.

Mama hakutabasamu.
Aliukunja mkono mmoja juu ya mwingine,
akaegemeza mgongo, akanitazama moja kwa moja.
"Basi vuta," akasema.
"Chai inapoa."