Anwani ya Kujipa

Radi ilipiga Luanda saa tisa na nusu.
Taa zikazimika, zikarudi kwa aibu,
na kompyuta ya tatu ikarudi bila mtandao.

Ya tatu ndiyo aliyoikalia Ayuma,
vyeti vyake katika bahasha ya kaki iliyolowa pembe.
Maombi ya uuguzi yanafungwa leo, saa sita usiku.
Ya kwanza ni mgonjwa wa siku nyingi. Ya pili
imeshikwa na karani wa kamati ya mazishi,
anasukuma picha ya marehemu ikae katikati,
anatafuta herufi zinazolia.
Siwezi kumwinua mtu mwenye maiti.

Nikachomoa waya, nikachomeka.
Nikazima, nikawasha, mwarobaini wa mafundi wote.
Kijitaa cha kadi kikabaki kimefumba.

Nikampigia ndugu yangu Otembo, aliye Nakuru,
mkesha wa seva za watu, mlala mchana.
Akaitika kwa sauti yenye blanketi:
"Fungua lile dirisha jeusi.
Ingia kama msimamizi, usiingie kama mgeni."

Kistari cheupe kikapepesa, kikinisubiri.
Akanitajia neno, nikaliandika, tarakimu zikamwagika.
"Nisomee anwani."
"Mia moja sitini na tisa, nukta, mia mbili hamsini na nne..."
"Basi," akasema. "Hiyo haikupewa.
Mashine hujipa hiyo yenyewe
ikibisha hodi, ibishe tena, na asiitike mtu."

Mvua ilikuwa juu ya mabati.
Nikakumbuka mwaka niliorudi kutoka Kitale na sanduku moja,
nikiulizwa siku hizi naishi wapi, nasema:
nipo. Nipo tu.

"Upo?" akauliza Otembo.
"Sasa iambie iachilie. Nafasi moja, halafu mkwaju."
"Mkwaju?"
"Si wa uji, dada! Ule mstari ulioinama."

Nikauinamisha. Nikabonyeza enta.
Zikabaki sufuri nne na nukta zake,
nyumba ya vyumba vinne, hata msumari haumo ukutani.
"Hapo ndipo watu huogopa wakazima mashine," akasema.
"Wewe zima kadi peke yake, kwa jina lake.
Jina lina nafasi katikati, lifungie alama za kunukuu,
la sivyo litasomwa nusu.
Haya, iwashe. Omba upya."

Tukangoja. Karani akataka nakala mia mbili, za rangi.
Kijitaa kikafumbua, cha kijani, kikafumba, kikafumbua.
Mia moja tisini na mbili, nukta,
anwani ya kawaida, kutoka kwa kisanduku chenye vumbi
nilichokitundika mwenyewe juu ya mlango.
"Ni ya kukodi," Otembo akapiga miayo. "Kesho itaombwa tena."
Kukodi nakujua.

Ayuma akajaza jina, alama, kata, kijiji,
kisha akasimama, kidole hewani.
"Dada, hapa wanataka anwani. Niandike ipi?"

Nikamwandikia sanduku la posta la duka.
Ufunguo wake ninao mimi,
na kodi nimelipa hadi Disemba.