Madebe Saba

Muhogo ulitudanganya kwa majani.
Shamba lilisimama kijani, likicheza na upepo,
baba akapita kati ya mistari akihesabu mashina
kama anayehesabu mshahara wa kesho.
Siku ya kung'oa, kisu kiliingia kwenye mzizi
kikatoka na harufu.
Michirizi ya kahawia, kutoka ganda hadi moyo.
Akang'oa shina la pili. La kumi.
Akaendelea mpaka giza likamfuta,
na mama akamwacha,
maana anayebomoa kilicho chake hashikwi mkono.

Tulikula ming'oko ya porini,
tukala na mbegu ya kunde iliyofungwa kitambaani ikingoja Desemba.
Korosho zetu?
Kangomba alikwishazila zikiwa bado maua.

Usiku wa mimi kuondoka Mnyambe, watu walikuja na mikeka.
Hakuna aliyewaita.
Wanawake ndani, wanaume uani, kama wakaavyo matanga,
wakazungumzia mvua.
Bibi Nalyoto akanishika kichwa, akaanza kutaja marehemu wa ukoo,
mmoja mmoja,
akafika kwangu, Somoe,
akanitaja katika mfululizo ule ule, bila kuvuta pumzi.
Nilitaka kumwambia: bibi, mimi bado.
Sikumwambia.

Kunduchi, Mtongani, machimboni.
Jiwe la huku lilikuwa bahari zamani,
ukilipasua unakuta maganda ya konokono.
Nalizungushia mpira wa baiskeli lisiniruke jichoni,
napiga,
na kila likifunguka naangalia ndani kwanza.
Mazoea.
Tajiri wa lori anapima kwa debe lake mwenyewe,
lililofura tumbo kuliko watoto wetu.
Madebe saba ni kilo mbili za sembe na makato ya wakala.

Kila Ijumaa nilituma.
Mama hakuwahi kusema asante. Alisema, "Imefika."
Jioni, mbele ya uji wangu wa chumvi,
niliwaona kabisa: sinia katikati, mikono ikipishana,
Dadi akigombewa kwa tonge kubwa,
nami nikashiba kidogo kwa mikono yao.

Mwezi wa nne, alfajiri, simu ya kondakta:
njoo Mbagala Rangi Tatu, kuna mzigo wako.
Nikaenda na kamba ya kufungia.
Mzigo ulikuwa umesimama, umevaa kandambili za baba.
Sikudhani, mdogo wangu, miaka kumi na minne.
Kwenye kiroba chake kanga moja
na nyundo iliyopigilia kitanda tulichozaliwa,
mpini umekatwa ili uingie.

Ile hela hawakuila.
Mama aliifunga pindoni, Ijumaa juu ya Ijumaa,
wao wakichemsha kisamvu
cha muhogo ule ule uliooza chini.
Nilidhani natuma unga.
Kumbe natuma nauli.

"Anayefuata ni Dadi," Sikudhani akasema njiani,
"tukituma wawili itawahi."
Hesabu yake haikuwa na kosa.
Baada ya Dadi ni Athumani.
Baada ya Athumani umebaki mlango,
na wa kuufunga.

Sasa ni nyundo mbili, hazilingani:
yake inaharakisha, yangu inamsubiri mwenye mkono.
Jana lori lilipojaa nilimuuliza dereva, zinakwenda wapi?
Akataja ghorofa la vyumba arobaini, Mbezi.
Wanaishi kina nani?
"Bado," akasema. "Halijapata watu."

Nikarudi kuketi.
Sikudhani alikuwa amepasua jiwe lake la kwanza lililokubali,
amelifungua kwa vidole viwili, taratibu,
amelisogeza kwenye mwanga,
anatazama ndani.
"Zima," akasema,
akaliweka chini, akaanza kulivunja.